S1 katika shule za Kikatoliki za Tororo: tuchague inayojaa au inayopungua wanafunzi?

Mzazi wa Malaba
Wazazi na walimu wapendwa, nawasalimu. Matokeo ya PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi hapa Uganda, yametoka na mtoto wetu amefaulu. Tumebaki na shule mbili za Kanisa katika Jimbo Kuu la Tororo, na zote mbili ziko tayari kumpokea kidato cha kwanza (S1). Majina sitayataja, kwa kuwa sipendi kuichafulia shule yoyote sifa. Ya kwanza ni kongwe, iliyoanzishwa na wamisionari na kusaidiwa na serikali. Wanafunzi wake wanaongezeka kila mwaka, na mwalimu mkuu ni mlei (si padre wala mtawa) aliyehamishiwa hapo hivi karibuni. Ya pili ni shule binafsi ya jimbo inayoongozwa na masista. Majengo yake ni mazuri, lakini tangu shule zifunguliwe baada ya korona wanafunzi wamekuwa wakipungua, na tulipoitembelea tulikuta bweni moja limefungwa kwa kufuli na magodoro yamerundikwa hadi dirishani. Mke wangu anasema shule wanayoihama watu ina jambo. Mimi naona afadhali mtoto awe mahali ambapo mwalimu anamfahamu kwa jina. Tunatakiwa kulipia nafasi kabla ya wiki ijayo kwisha. Nishaurini.

Mwalimu Mstaafu, Mbale
Hongera kwa mtoto, ndugu yangu, lakini umetuletea mzigo bila kamba. Ni wa kiume au wa kike? Amepata agregeti ngapi, yaani jumla ya madaraja yake ya PLE, ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora? Atalala bweni au atakwenda kutwa? Karo mnayoiweza kwa muhula ni kiasi gani?

Tena, ukisema shule "inapungua", inapungua wapi? Ukifika ofisini usiulize jumla ya wanafunzi, kwa sababu jumla huficha mengi. Omba idadi ya kila kidato, kisha uilinganishe S3 ya leo na S1 ya miaka miwili iliyopita, kwa maana watoto hao ni walewale. Shule inayopokea wachache na kuwafikisha karibu wote S4 ni nzima. Ile inayojaza S1 kila Februari lakini S3 ikawa na nusu ya watoto iliyoanza nao, hao wengine wamekwenda wapi? Huo ndio ukaguzi ambao mzazi yeyote anaweza kuufanya bila kumsumbua mtu.

Mhitimu wa Namagunga
Kama mtoto ni wa kike, sioni kwa nini tujadili zaidi: mpelekeni kwa masista. Elimu ya wasichana katika nchi hii imetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Mama Kevin, Mfransisko wa Ireland aliyefika Uganda mwaka 1903, akaanzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1923, na akaacha nyuma yake shule ambazo hadi leo wazazi wanazigombania. Namagunga, shule ya sekondari ya wasichana niliyosoma mimi, ilianza mwaka 1942, wakati wazazi wengi hawakuwa wakifikiria kabisa kumsomesha binti hadi sekondari. Sista anayeongoza shule analala hapohapo, anasali hapohapo, na saa nne usiku mtoto akiugua ndiye anayeamka. Mwalimu mkuu anayekaa mjini na kuja asubuhi kwa gari hawezi kuwa sawa naye.

Mama wa Busia
Dada yangu, masista nawaheshimu sana, lakini vazi la utawa halitoshi kuwa jibu. Acheni niwaeleze yaliyonipata.

Binti yangu mkubwa alisoma katika shule binafsi ya jimbo jingine, nayo ilikuwa ikiongozwa na padre hodari sana. Mwaka mmoja matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, yakawa mazuri ajabu, na wazazi tukafurika kama maji ya mvua. Padre akapokea, akapokea tena, na vitanda vya ghorofa mbili vikawa vya ghorofa tatu. Walimu hawakuongezwa. Kabla muhula wa pili haujaisha, padre akahamishiwa parokia ya mbali, na aliyeletwa badala yake alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kuongoza hata shule ya msingi. Mwaka huohuo, 2022, serikali ikawapandishia mshahara walimu wa sayansi walioko kwenye ajira yake, na mwalimu wa fizikia wa shule yetu akapata kazi serikalini akaondoka. Simlaumu, kwa sababu ana watoto kama mimi.

Shule haikutuambia kitu. Nilikuja kujua siku ya kumtembelea binti, nilipofungua daftari lake la fizikia. Kulikuwa na kurasa kumi na kitu zilizoandikwa vizuri, tarehe ya mwisho ikiwa ya mwezi Juni, na baada ya hapo karatasi tupu hadi jalada la nyuma, mbali na jina la wimbo wa kwaya alilolichora pembeni. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, akanipeleka kwa bodi. Mwenyekiti wa bodi akaniambia suala la walimu liko ofisi ya elimu ya jimbo, na nilipofika jimboni nikaambiwa mwalimu mkuu ndiye mwenye mamlaka ya kuajiri. Kila mlango niliugonga na kila mlango ulinielekeza kwa jirani. Mwisho nilimhamisha binti, na karo niliyokuwa nimelipa haikurudi.

Kwa hiyo mimi nauliza maswali mawili tu: kiongozi amekaa hapo kwa muda gani, na akiondoka kesho, nani anayewajibika?

Katibu wa Parokia
Mama, pole sana. Swali lako la pili lina jibu la kisheria, na jibu hilo linatofautiana kati ya shule mbili anazotaja mwenzetu.

Tangu mwaka 1963, shule za wamisionari zilipowekwa chini ya usimamizi wa serikali, Kanisa si mwajiri tena katika shule zinazosaidiwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inalitambua Kanisa kuwa shirika mwanzilishi, yaani linalinda mwelekeo wa kidini wa shule na linapendekeza wajumbe wa bodi ya magavana, akiwemo mwenyekiti. Mwalimu mkuu, hata kama ni sista, huteuliwa kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu na kulipwa mshahara na serikali. Akiondoka, serikali inawajibika kuleta mwingine, ingawa wakati mwingine inachelewa.

Katika shule binafsi ya jimbo, mwenye shule ni jimbo lenyewe. Askofu, kupitia katibu wake wa elimu, ndiye anayeamua nani aongoze, na pale ambapo masista wamekabidhiwa shule, mkubwa wa shirika lao anaweza kumhamisha sista wakati wowote kwa utii wa kitawa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Uhamisho hupangwa kwa kuangalia mahitaji ya shirika zima, na kalenda ya mtihani wa S4 wa shule moja si jambo la kwanza mezani. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona viongozi wazuri wakiondolewa katikati ya kazi.

Mwana wa Lira
Naomba nimtetee Mhitimu wa Namagunga kidogo. Sisi wa Lango, kaskazini mwa Uganda, hatuwezi kuzungumzia uongozi wa masista bila kuikumbuka Aboke. Oktoba 1996 waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliwateka wasichana 139 kutoka Chuo cha Mtakatifu Maria, shule ya sekondari iliyoko hapo Aboke, na Sista Rachele Fassera, naibu wa mwalimu mkuu, akawafuata porini kwa miguu, akarudi na 109. Mzazi gani asingetaka mtu wa namna hiyo amwangalizie mtoto?

Mwalimu Mstaafu, Mbale
Habari hiyo inajulikana na tunaiheshimu. Lakini itajeni yote: Sista hakwenda peke yake, alifuatana na mwalimu mlei wa shule hiyohiyo, kijana ambaye hakuwa na nadhiri yoyote ya kitawa iliyomfunga. Mimi nimefundisha chini ya masista, mabruda, mapadre na walei, na wapo waliojitoa na wapo waliolala katika makundi yote manne. Tusimchagulie mtoto shule kwa kuangalia kilemba cha mwalimu mkuu.

Mhitimu wa Namagunga
Sikusema walei hawajitoi, Mwalimu. Nilisema sista anaishi shuleni. Hilo hujalijibu.

Baba wa Watatu, Soroti
Mnajadili shule za bweni kana kwamba hakuna nyingine. UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilipoanza mwaka 1997, watoto wa shule za msingi walitoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja, na mwaka 2007 serikali ikaleta USE, mpango kama huo wa sekondari, ili wimbi hilo lipate pa kwenda. Baadhi ya shule za Kanisa zinazosaidiwa ziliingia katika mpango huo na nyingine zikabaki nje. Zilizoingia ndizo zinazojaa, na hazijai kwa sababu ya uongozi wala sala, bali kwa sababu mzazi maskini hana pengine. Kwangu mimi, shule iliyojaa watoto wa maskini inafanya ile kazi waliyoijia wamisionari. Mtoto akae kutwa, ale nyumbani, na pesa ya bweni inunue vitabu.

Katibu wa Parokia
Kweli kabisa, ingawa lazima tuseme pia kwamba darasa la watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja linamtesa maskini huyohuyo.

Mwalimu wa Mpakani
Nimefundisha hapa mpakani kwa muda mrefu, na nadhani naijua sababu moja ya upungufu ambayo haina uhusiano na ubaya wa shule. Shule binafsi za upande wetu zilikuwa zikipokea watoto wengi kutoka Kenya, kwa kuwa karo yetu ilikuwa nafuu kwao. Korona ilipokuja, shule zetu zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kenya ilifungua Januari 2021. Mzazi wa ng'ambo angemweka mtoto nyumbani mwaka mzima akitungojea sisi? Wengi waliwatafutia nafasi kwao, na katika shule niliyokuwa nikifundisha sikuona hata nusu yao wakirudi. Walimu nao, waliokaa karibu miaka miwili bila mshahara, baadhi waliingia kwenye biashara au bodaboda na hawakurudi darasani. Kwa hiyo bweni lenye kufuli linaweza kuwa alama ya msiba uliotupata sote.

Hofu yangu iko kwingine. Shule binafsi inaishi kwa karo. Wanafunzi wakipungua, mishahara inachelewa, na wa kwanza kuondoka ni mwalimu wa sayansi, kwa sababu tangu 2022 mwenye shahada akiajiriwa na serikali analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Jimbo haliwezi kushindana na hilo. Muulize Sista waziwazi: fizikia, kemia na hisabati zinafundishwa na nani, na je, mtu huyo anafundisha hapo tu au anazunguka shule tatu? Ukiwa hapo, uliza pia kama kuna mwalimu wa Kiswahili, maana mtaala mpya umelifanya somo hilo kuwa la lazima S1 na S2, na shule nyingi zinamwachia mwalimu yeyote aliyewahi kuishi Mombasa.

Mzazi wa Malaba
Nawashukuru sana wote. Mtoto ni wa kike, amepata agregeti 14, na atalala bweni, kwa sababu kazi zetu sote wawili ni za safari. Leo nimepiga simu katika shule zote mbili. Mwalimu mkuu wa shule kongwe amenipa idadi ya kila kidato bila kusita: S1 ina mikondo mitano, S3 ina mitatu. Sista ameniambia nifike mwenyewe, kwamba takwimu hazitoi kwa simu, lakini amenitajia kwa majina walimu wake wote wa sayansi na mwaka ambao kila mmoja alianza kazi hapo. Yeye mwenyewe anaingia mwaka wake wa sita.

Mama wa Busia
Mwaka wa sita unanitia wasiwasi kuliko ungekuwa wa pili. Mashirika mengi hayamwachi mtu mahali pamoja zaidi ya hapo. Muulize kama anatarajia uhamisho.

Mhitimu wa Namagunga
Hawezi kukujibu hilo, Mama, hata kama analijua. Ila kutaja kila mwalimu na mwaka wake bila kufungua faili, si kila kiongozi anayeweza.

Mwalimu Mstaafu, Mbale
Mikondo mitano kwa mitatu: kabla hatujaihukumu shule kongwe, uliza kama mikondo miwili iliongezwa mwaka huu au watoto walipotea njiani. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Na karo bado hujatuambia, ndugu yangu. Tulikuuliza tangu mwanzo.

Mzazi wa Malaba
Kesho asubuhi tunakwenda kwa Sista sote watatu, na binti mwenyewe atauliza maswali. Kuhusu karo, tofauti ni kubwa kuliko nilivyotarajia, na ndilo jambo ambalo mimi na mama yake bado hatujaelewana.

Baba wa Watatu, Soroti
Basi tuambie ni kiasi gani, kwa shule zote mbili, pamoja na mahitaji: godoro, rimu za karatasi, sare na fedha za majengo. Kuna shule ambayo karo yake ni ndogo lakini orodha ya mahitaji inaizidi.