Hoteli na ofisi za pwani zilazimishwe kupanda miti ya asili?

Mtoa hoja: Wakuu, pita Masaki, Diani au Nungwi: bustani za biashara ni zilezile. Miashoki, ile miti ya kigeni mirefu myembamba, imepangwa ukutani, chini nyasi zinamwagiwa maji kila jioni hata kiangazi mtaa wa pili ukiwa hauna tone. Mkandarasi anaanza kwa kufyeka mikwaju na mibambakofi aliyoikuta, kisha anamwandikia mwenye mradi bili ya miche. Nasema kibali cha ujenzi kisitoke mpaka mchoro uoneshe nusu ya mimea ni ya asili ya hapo. Gugumaji nalo lililetwa Afrika kwa uzuri wa maua yake. Leo waulize wavuvi wa Kisumu na Mwanza.

Mchangiaji 1: Napinga. Umefika Haller Park, ile bustani ya Bamburi, Mombasa? Lile lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, jiwe tupu la matumbawe. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, alipoanza kupanda 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu tu. Iliyobeba kazi ni mvinje, ambao asili yake ni Asia na Australia. Majani yake makavu yalikuwa hayaozi, wakaletwa majongoo kuyatafuna, mavi yao ndiyo yakawa udongo. Miti ya kwetu ilifuata baadaye. Sheria yako ingemfunga Haller mikono.

Mchangiaji 2: Mimi nauza miche barabarani. Mteja anataka kitu cha kuziba ukuta kabla ya uzinduzi. Mbambakofi unakwenda taratibu, na zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu watu wanazitaka zaidi kwa shanga. Nikiotesha mia, nani atanunua? Halafu ukoka mnaoutukana ni wa Afrika hii hii, msiuchanganye na nyasi za kununua.

Mtoa hoja: Mchangiaji 1, machimbo yasamehewe, sina ugomvi. Lakini mwenye hoteli hakukuta jiwe tupu, alikuta udongo na miti, akaifuta mwenyewe. Tena hata Bamburi mvinje ulitangulia tu, haukuachiwa bustani nzima. Ndugu wa miche, hoja yako ndiyo nzito. Basi sheria itangazwe miaka mitatu kabla ya kuanza, muoteshe mkiwa na uhakika wa soko. Na mti mkubwa uliokutwa kiwanjani uhesabiwe kama miche hamsini, tuone kama buldoza litawashwa haraka hivyo.

Mchangiaji 2: Hamsini? Hapo umeniua biashara, mkuu. Weka ishirini.