Mrejesho: wakwe walikula, wakashiba

Ndugu zangu, asanteni. Niliuliza nifanyeje: wakwe wanakuja kula jioni hapa Bukavu, umeme umekatika tangu jana yake, bomba kavu, na jiko letu ni la umeme.

Shauri lililookoa karamu ni la yule mama wa Goma: achana na friji, badili chakula. Kuku walikuwa wameshaanza kunuka, tukawatupa (iliniuma, kuku si bei ya mchezo). Tukakimbilia soko la Kadutu kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ukiwakaanga wakakauka vizuri, hawahitaji friji wala mchuzi. Sombe (majani ya muhogo) ilichemka juu ya mbabula, jiko la makaa, barazani. Mliosisitiza makaa yasiwashwe ndani, mna haki: moshi wake unaoua hauonekani.

Maji ya ziwani tuliletewa kwa bido (madumu). Ya kunywa tulichuja, tukatia dawa ya klorini, tukasubiri dakika 30 kama mlivyoelekeza. Bado yalinukia dawa, baba mkwe akaomba bia tu.

Wali haukufaulu. Nilipalia makaa juu ya mfuniko, lakini chini moto ulikuwa mkali mno. Watoto walifurahia ukoko, wakubwa wakala bugali. Atakayejaribu apunguze makaa ya chini mara maji yakikauka.

Taa ya sola nayo ilizimika kabla ya chai. Mama mkwe alikuwa na tochi kwenye mkoba wake. Anaujua mji huu kuliko mimi.