Wenye nakolepsi tupeane uzoefu: dawa ya kuzuia kusinzia mchana unameza, usiku nao hulali

Mleta mada (Dar): Wakuu habari zenu. Nina nakolepsi, ule ugonjwa wa kusinzia hovyo hata umesimama kwenye daladala. Nashukuru nimeanzishiwa modafinili, mchana sasa hivi napiga kazi vizuri tu, ila usiku ndo kasheshe. Saa tatu nalala fofofo, saa sita niko macho, nikisinzia tena nakabwa na jinamizi, nasikia kabisa kuna mtu chumbani na mwili haunyanyuki. Nyumbani wananiambia ni hiyo dawa, niache. Wenzangu mnaishije?

Mdau wa Mombasa: Pole sana kakangu. Tafadhali usiache dawa kienyeji. Huko kukatikakatika usiku ni ugonjwa wenyewe, mimi nilikuwa hivyo hata kabla sijaanza vidonge. Daktari alinieleza kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa oreksini, hiyo ndiyo inamshikilia mtu akiwa macho abaki macho na akilala abaki amelala, sasa sisi wenye nakolepsi tunaolegea magoti tukicheka sana huwa imeisha karibu yote, ndo maana mchana unazama na usiku unaibuka. Ila na saa unayomeza nayo angalia, modafinili inakaa mwilini, masaa 12 mpaka 15 nusu yake bado imo. Dozi yangu ya pili ilikuwa saa tisa alasiri, daktari akairudisha saa sita mchana, nikaanza kupata usingizi wa maana kidogo.

Mdau aliyeko Leicester: Huku Uingereza mimi napewa sodiamu oksibeti, dawa ya maji inayonywewa usiku. Nachanganya vikombe viwili kabla ya kulala, cha kwanza nakunywa nikiwa kitandani tayari maana inakuangusha ghafla, cha pili alamu inaniamsha baada ya masaa matatu hivi. Chumvi tupu, na chakula cha jioni lazima kiwe kimeshapita masaa mawili. Pombe marufuku kabisa, wala usichanganye na dawa nyingine za usingizi, pumzi inaweza kukata. Imenisaidia usiku na mchana pia, ila si dawa ya kujinunulia mtaani jamani.

Dada wa Mwanza: Kaka, muulize mkeo kama unakoroma na kukatika pumzi, ukiwa nalo hilo linatibiwa kivyake. Na kina dada wenzangu, modafinili inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, hili mimi nililisikia kwa nesi wa kliniki wala si kwa aliyeniandikia dawa, iliniuma sana. Kulala kwangu, chai mwisho saa sita mchana, na mchana najilaza dakika 20, jioni silali hata iweje.

Mleta mada (Dar): Asanteni mno, nimepumua. Jumatatu narudi kwa daktari na hilo la muda wa dozi. Dada wa Mwanza, kazini unajilaza wapi?

Dada wa Mwanza: Stoo, kwenye mkeka. Supavaiza nilimpelekea barua ya daktari, ananigongea mlango mwenyewe muda ukiisha.