Gunia limeandikwa "Namba Wani", lakini kilichomo ndani hakuna anayetuambia

Wadau, hili la unga wa posho, yaani ugali wa mahindi tunaokula hapa Uganda, tuliseme bila kuoneana haya. Chukua gunia lolote la kilo 25 dukani: picha ya gunzi la mahindi meupe, maneno "Namba Wani", jina la biashara, basi. Tarehe ya kusagwa hakuna, namba ya bechi (shehena iliyosagwa pamoja) hakuna, kinu kiko wapi hakuna. Na pale penye tarehe, mara nyingi ni ya kufungasha. Mtu ananunua unga wa vinu tofauti pale Kisenyi, Kampala, anauchanganya, anaushona kwenye magunia yake na kugonga muhuri wa leo. Watu wakiugua, utamfuata nani? Utarudisha shehena ipi?

Na haya si mambo ya kuomba kwa hisani. Viwango vya lebo tunavyotumia Afrika Mashariki vinadai jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi zaidi, uzito halisi, jina na anuani ya mtengenezaji, namba ya bechi na tarehe. Alama ya Q, ile ya ubora ya shirika la viwango UNBS, bila namba ya bechi haikusaidii kujua kama gunia hili ulilolishika lilipimwa.

Kinachotuua hapa ni sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa nafaka (aflatoksini). Kikomo cha mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa ile aina kali zaidi, B1, ni 5. Fanyeni hesabu: gramu moja tu ya sumu hiyo inatosha kufikisha tani 100 za mahindi kwenye kikomo hicho cha 10. Haionekani, haina harufu, na posho hata ukiisonga saa nzima haiondoki, kwa sababu joto la jikoni haliivunji. Ukila kidogo kidogo miaka mingi, ini ndilo linalolipa, hadi saratani. Ukila nyingi kwa mkupuo, unakufa: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye kuvu yaliua watu 125.

Chanzo chake kinajulikana. Mahindi yanaanikwa chini kwenye udongo au kando ya barabara, mvua inanyesha, yanakusanywa kabla hayajakauka na kurundikwa ghalani. Unyevu unatakiwa usizidi asilimia 13.5. Anayenunua nafaka hana kisingizio hata kama hana mashine ya kupima: chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi theluthi moja, ongeza kijiko kikubwa cha chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, na hayo mahindi hayafai kuhifadhiwa. Ila tuelewane, chupa inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota kuvu wiki iliyopita yakaanikwa upya yatafaulu jaribio hilo na bado yana sumu.

Hata cheti cha maabara kinaweza kudanganya kama sampuli imechukuliwa vibaya. Sumukuvu haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu yote iliyomo guniani. Anayechota konzi moja juu ya gunia la kwanza amepima bahati yake. Unachoma bambo, kile chuma chenye tundu cha kuchotea sampuli, kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, unachanganya, unasaga, ndipo unapima.

Machi 2021 Kenya ilipofunga mlango kwa mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ilifungua tena baada ya siku chache kwa masharti, mojawapo cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya kikomo. Kwa hiyo mahindi yanayokwenda kwa jirani yanahitaji cheti, na yanayobaki kwa watoto wetu hayahitaji? Hilo linanikera kuliko yote.

Turudi kwenye hiyo "Namba Wani". Weupe ule unatokana na kukoboa: ganda na kiini vimeondolewa, na vimeondoka na sehemu kubwa ya vitamini B, chuma na zinki. Ni kweli kukoboa kunapunguza sumukuvu, maana nyingi hukaa kwenye pumba. Lakini pumba inaenda kwa ng'ombe, na sumu inarudi kwetu kwenye maziwa. Sheria ya 2011 ya kuongeza virutubisho inabana vinu vya unga wa mahindi vinavyotoa zaidi ya tani 20 kwa siku. Vidogo vinavyolisha mitaa yetu havimo. Kama hakikuongezwa kitu, andikeni hivyo.

Halafu chenga za chuma. Nyundo na chujio za mashine zinasagika taratibu, na vumbi lake linaingia kwenye unga. Funga sumaku kwa nailoni nyembamba, ipitishe polepole kwenye kilo moja ya unga, uone kama inatoka na weusi. Kinu chenye adabu kina sumaku mdomoni pa unga na kinaisafisha kila siku.

Karanga za kusagwa ni balaa jingine. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zilizoota kuvu huchambuliwa ili nzuri ziuzwe nzimanzima, kisha zile mbovu zinauzwa kwa bei ya chini, zinakaangwa na kusagwa. Ukaangaji unaficha rangi na uchungu. Kopo linaandikwa "karanga tupu", na si uongo, ni karanga kweli!

Mafuta ya kula yanayojisifu "hayana kolesteroli" nayo yakome. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Semeni ni ya mawese au ya alizeti, na msiyaanike juani kwenye madumu meupe, mwanga unaharibu vitamini A iliyoongezwa.

Wazazi, anzeni na shule, maana mtoto anakula posho karibu kila siku na mwili wake ni mdogo. Mwulizeni mwalimu mkuu mambo manne kuhusu unga wa muhula huu: umesagwa kinu gani, tarehe gani, namba ya bechi ni ipi, na cheti cha sumukuvu cha bechi hiyo hiyo kiko wapi. Akikuonyesha cheti cha mwaka jana, hicho si cha unga ulio stoo. Mzabuni akishindwa kujibu, magunia yarudi kwake kabla sufuria haijabandikwa.