Bosi aliyeninyanyasa ameondolewa, kanisani nimeombwa ushuhuda wa "Hamani Ameanguka". Naombeni ushauri

Dada Kaunta:
Shalom wana jamvi. Jumapili imekaribia na sina amani, naombeni mnisikilize.

Miaka mitatu nimefanya kazi chini ya bosi aliyenidharau waziwazi. Ananigombeza mbele ya wateja, likizo yangu anaikata, na mara mbili aliandika barua ya kutaka niachishwe kazi. Kwenye kikundi chetu cha maombi tulimpa jina, Hamani, yule waziri wa kwenye Biblia aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, akaishia kutundikwa kwenye mti aliomtayarishia Mordekai. Kila Jumatano ya mfungo tulisoma kitabu cha Esta na kuomba ule mti aliouchonga utumike kwake mwenyewe.

Wiki tatu zilizopita wakaguzi walikuja kwa jambo jingine kabisa, wakakutana na mambo yake, akasimamishwa siku hiyohiyo. Nafasi yake nimekaimishwa mimi. Kanisani ni vigelegele, na mchungaji ameshapanga kichwa cha ibada: Hamani Ameanguka.

Yanayoninyima usingizi ni mawili. Siku ile nilimwona koridoni amebeba boksi, juu yake kikombe chake na sweta la mtoto. Nilishangilia moyoni, halafu lile sweta likanikaa kooni. La pili naona aibu hata kuliandika. Juzi nimeingia ofisini, wote wakasimama kunisalimia isipokuwa kijana mmoja wa stoo. Nilifika mezani nimekasirika, nikashinda hivyo mpaka saa saba, cheo chenyewe sikioni utamu.

Nitoe huo ushuhuda au niache?

Binti Sayuni:
Toa dada! Mungu akikutendea ukanyamaza unamnyima utukufu wake. Wako wanaolia makazini saa hizi, hawajui kama Mungu anawaona.

Mwanafunzi wa Torati:
Dada, huyo kijana wa stoo ndiye aliyenifanya niandike. Fungua Esta 5 kuanzia mstari wa 9. Hamani anatoka kwenye karamu ya malkia moyo umejaa furaha. Anafika langoni, Mordekai, Myahudi aliyemlea malkia Esta, hasimami wala hatikisiki, na furaha yote inamwishia palepale. Nyumbani anawaita rafiki zake na mkewe Zereshi, anawahesabia mali zake, wingi wa wanawe, jinsi mfalme alivyompandisha, kisha anasema hayo yote hayamfai kitu maadamu anamwona yule Myahudi ameketi langoni. Ndipo wanamshauri asimamishe mti wa dhiraa 50 ili Mordekai atundikwe. Ugonjwa wake ulianza kwa mtu mmoja ambaye hakuinuka. Wewe umeushtukia mapema, na mimi ningemshukuru Mungu kwa hilo kabla ya cheo.

Halafu hiki kitabu cha sura 10, kwa Kiebrania, hakitaji jina la Mungu hata mara moja. (Wakatoliki wanasoma na nyongeza za Kigiriki, humo Esta na Mordekai wanamwomba Mungu wakimtaja.) Mwandishi anakuacha uutafute mkono wake mwenyewe. Esta anavikwa taji mwaka wa 7 wa utawala wa mfalme Ahasuero. Mordekai anafichua njama ya Bigthani na Tereshi ya kumwua mfalme, inaandikwa kitabuni, inasahauliwa. Mwaka wa 12 Hamani anapigiwa puri, yaani kura, mwezi wa kwanza, nayo inaangukia mwezi wa 12. Alidhani amepata siku njema ya kuangamiza watu. Kumbe kura ileile imewapa Wayahudi karibu mwaka mzima wa kujiokoa. Kisha usiku mmoja mfalme anakosa usingizi, anaagiza asomewe kumbukumbu, na panaposomwa ni pale penye jina la Mordekai. Hamani naye yuko uani asubuhi hiyo, amekuja kuomba amtundike!

Mithali 16 tunaikariri kwa mstari wa 18, kiburi hutangulia maangamizi. Shuka hadi wa 33, sura hiyohiyo: mtu hutupa kura, uamuzi ni wa BWANA. Mimi kisa cha Esta nakisoma katikati ya mistari hiyo miwili.

Kwa hiyo wale wakaguzi waliokuja kwa jambo jingine, usione haya kusema Mungu alikuwapo. Ila mtazame na Mordekai. Kwa amri ya mfalme amevishwa vazi la mfalme, amepandishwa farasi wa mfalme, Hamani anamtangulia mjini akipaza sauti. Esta 6 mstari wa 12 unasema Mordekai akarudi langoni pa mfalme. Alirudi pale pale alipokuwa anakaa.

Mpiga Kinanda:
Mkuu, mistari umeichagua. Sura ya 9 wana 10 wa Hamani wanauawa, na Wayahudi wanasherehekea Purimu mpaka leo. Jina la Hamani likisomwa sinagogi wanapiga makelele kulifuta. Sisi tusishangilie kwa nini?

Mwanafunzi wa Torati:
Sura ya 9 ni ngumu, sikatai. Ila angalia tarehe. Mikoani walipigana na waliotaka kuwaua tarehe 13 Adari, ule mwezi wa 12, sikukuu yao ikawa 14. Shushani, mji wa mfalme, walipigana 13 na 14, sikukuu ikawa 15. Iliwekwa siku ya kupumzika, na ndani yake wanapelekeana vyakula na kuwapa maskini zawadi. Mara tatu imeandikwa kwamba nyara hawakuzigusa.

Na tupime uzito. Hamani aliahidi kulipa talanta 10,000 za fedha ili taifa zima life siku moja, watoto na wanawake, katika majimbo 127. Huyu bosi alikata likizo na kuandika barua. Alikosa, lakini jina hilo mlimpa ninyi. Mithali 24:17 inakataza kufurahi adui aangukapo, na wa 18 unasema BWANA akiliona hilo linamchukiza, anaweza kuigeuza hasira yake amwache.

Abuu Salma:
Sisi Hamani tunamjua kwenye Qur'ani, yuko na Firauni, hivyo habari ya Esta naisoma hapa leo. Neno langu moja tu, dada yangu. Dua ya aliyedhulumiwa haina kizuizi kati yake na Mwenyezi Mungu. Yako imeshajibiwa, usiifanyie tamasha.

Mama Wawili:
Mimi nimebaki kwenye sweta. Huyo bwana ana mke, na mji wenu nadhani ni mmoja. Ibada ya Jumapili, kufika jioni atakuwa ameshasimuliwa neno kwa neno. Una namba ya huyo mke?

Dada Kaunta:
Asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja.

Mama Wawili, namba ninayo, jana nimempigia. Mwanzo alinyamaza, nikadhani amekata simu. Baadaye tukalia wote wawili. Sikumwambia habari ya maombi yetu, sikuweza.

Mchungaji hakufurahi ila amekubali kubadilisha kichwa cha ibada. Nitasimama niseme nilivyoonewa na nilivyosaidiwa, bila kumtaja mtu, kisha nitasoma Esta 6 na kuishia mstari wa 12. Leo asubuhi nimepita stoo, nikamsalimia yule kijana kwanza. Alikuwa anahesabu maboksi, akaitikia bila kuinua macho. Nimeumia kidogo bado.

Mwanafunzi wa Torati, kuhusu wale wana 10 nina maswali. Nakufuata inbox.