Mark X ya tairi za nyuma na ya tairi zote nne: ipi ina mwendo mkubwa?

Mkazi wa Chumbageni: Habari zenu wakuu. Nimeoneshwa Toyota Mark X mbili hapa Tanga, zote za injini ya lita 2.5, moja inasukumwa na tairi za nyuma, nyingine inatumia tairi zote nne. Dalali anashikilia kwamba hiyo ya pili haiwezi kamwe kuifikia ya kwanza kwa mwendo. Naomba kueleweshwa: je, tairi zinazopokea nguvu ndizo zinazoamua spidi ya mwisho ya gari?

Fundi wa Ngamiani: Ndugu yangu, dalali amekupa nusu ya habari. Nguvu ya injini haifiki yote kwenye tairi, kwa sababu kila gia inayoipitisha hula kidogo. Gari la tairi za mbele ambalo injini yake imelazwa kwa upana hupoteza kidogo kuliko mengine, kwani nguvu yake haikunji kona. La tairi za nyuma huipitisha kwenye propela shafti, ule mhimili mrefu unaopita chini ya gari, kisha krauni na pinioni, yaani gia mbili zilizo ndani ya difu katikati ya ekseli, huigeuza kwa nyuzi 90, na msuguano wa meno hayo huzaa joto. Gari likiwa limetoka Segera, sogeza kiganja karibu na nyumba ya difu: joto lile ni petroli uliyoilipia. La tairi nne lina difu mbili na transfa, yaani gia zinazogawa nguvu mbele na nyuma, hivyo hupoteza zaidi.

Hata hivyo, kinachozuia mwendo wa juu hasa ni upepo. Nguvu ya kuupasua hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yaani ukitaka mwendo mara mbili unadaiwa nguvu mara nane. Kwa hesabu hiyohiyo, gari likipoteza asilimia 5 ya nguvu njiani, mwendo wake wa juu hupungua kwa chini ya asilimia 2. Uzito huchelewesha gari kuongeza mwendo, lakini kwenye tambarare hauamui sana litaishia wapi.

Binti wa Pangani: Namuunga mkono fundi. Tazama magari ya kasi: McLaren F1, ya tairi za nyuma, ilifika kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Bugatti Veyron, ya tairi zote nne, ikavuka 400 mwaka 2005 kwa hosipawa 1,001. Kisha Koenigsegg Agera RS, ya tairi za nyuma tena, ikapata wastani wa 447 huko Nevada mwaka 2017.

Mkazi wa Chumbageni: Nashukuru sana. Kwa hizi mbili nitaiona tofauti?

Fundi wa Ngamiani: Hutaiona. Magari ya soko la Japani yamewekewa kikomo cha 180, na zote mbili zina ubavu wa kukigusa. Tena kwa tochi za trafiki zilivyo, sijui ungejaribia wapi. Kama unapanda Amani au Lushoto wakati wa masika, chukua ya tairi nne. Kama safari zako ni za mjini na Muheza, ya nyuma itakupunguzia mafuta. Ukichukua ya tairi nne, hakikisha kabla ya kulipa kwamba tairi zote ni za saizi moja na zimelika sawa, kwa sababu zikitofautiana transfa huchakaa mapema.