Tupeane uzoefu: kuwapiga picha watoto wetu nyumbani

Mama Wawili, Nyegezi: Habari za leo wana Mwanza. Jana nimempeleka mwanangu wa mwaka mmoja na nusu studio mjini. Alipouona ule mwavuli mweupe wa taa alilia mpaka akatapika, na hela haikurudi. Tumefika nyumbani akakaa mlangoni na embe lake, nikampiga kwa simu. Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizonazo. Mnaowapiga wenyewe mnafanyaje?

Fundi Kirumba: Mlango ndio studio. Zima flashi, zima na taa ya ndani. Mkalishe hatua moja ndani ya kizingiti, uso uelekee nje, wewe kaa pembeni usimzibie mwanga. Akiupa mlango mgongo, simu inafuata mwanga wa nje na uso unatoka mweusi tii. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla hujabonyeza. Na ukae chini kabisa, macho yenu yalingane. Ukimpiga umesimama kichwa kinakuwa kikubwa, miguu njiti.

Dada wa Igoma: Futeni na kamera jamani! Mimi natengeneza dagaa, simu inashikwa na mikono ya mafuta. Miezi mitatu nilidhani kamera imekufa, kumbe uchafu. Ncha ya kanga tu ilitosha.

Baba J, Bwiru: Mimi nawatoa nje saa 11 jioni, kwenye mawe. Saa 7 mchana jua liko utosini, macho yanageuka mashimo. Ila usizubae, kwetu jua likishagusa ziwa giza halisubiri mtu.

Fundi Kirumba: Jua la jioni linawakunja macho. Rudi mlangoni.

Baba J, Bwiru: Wanakunja ukiwageuzia jua usoni. Waweke ubavu, fundi.

Mama Kulwa, Sengerema: Niliposoma habari ya mlangoni nikashindwa kupita kimya. Wangu walikuwa mapacha, Kulwa na Doto. Niliwapiga kila siku, mlangoni, kwenye beseni, wakigombania kijiko. Doto alituacha Februari kwa homa, miaka miwili na miezi minne. Mwezi wa nne navuka na feri ya Kamanga, nikainama kumfunga Kulwa kamba ya kiatu pale ukingoni, simu ikachomoka mfukoni. Injini inanguruma, hata mlio wa kudondoka sikuusikia. Nilipotazama maji yalikuwa yameshajifunga. Picha zote zilikuwa humo.

Bibi yao alikuwa na moja tu niliyowahi kumtumia. Mtoto mmoja ndani ya beseni, anacheka. Kulwa ana kovu la uji kifundoni, mkono wa kushoto, lakini mikono yote iko chini ya povu. Bibi anasema ni Kulwa. Mimi nasema ni Doto, kwa vile alivyoinamisha kichwa. Siku hizi hatubishani tena, imekaa tu ukutani.

Dada wa Igoma: Pole mama. Pole sana.

Mama Wawili, Nyegezi: Nimeacha kupika nalia. Mungu akutie nguvu.

Mdau Buhongwa: Ndiyo maana tunasema hifadhini mtandaoni. Uzembe mdogo gharama yake kubwa.

Baba J, Bwiru: Kaka, mama ana msiba unamwambia uzembe? Hilo bando la kupandishia picha kila siku utamnunulia wewe?

Mdau Buhongwa: Nimekosea, mama Kulwa unisamehe. Nilitaka kusema memori kadi, na kadi yenyewe isikae ndani ya simu. Ukimtumia bibi kwa WhatsApp tuma kama faili, ukituma kama picha inapunguzwa ubora.

Mjomba wa Pasiansi: Msiweke watoto kwenye stetasi. Macho ya watu si mazuri.

Dada wa Igoma: Mjomba, shikamoo. Simu yangu ilipoibiwa, picha za wanangu alikuwa nazo wifi kwa sababu alizichukua kwenye stetasi yangu. Mimi nitaendelea kuweka.

Mjomba wa Pasiansi: Marahaba. Basi zisafishe kwenye karatasi. Marehemu baba alikuwa na filamu ya picha 36, ilikaa ndani ya kamera tangu Pasaka mpaka Krismasi. Zipo kwenye albamu hadi leo, na nyuma ya kila moja ameandika jina na tarehe kwa kalamu.

Fundi Kirumba: Hilo la jina nyuma nimelichukua. Na kwa mapacha, wapige kila mmoja peke yake pia.

Mama Kulwa, Sengerema: Wabeja sana wote. Leo saa 3 asubuhi nimemkalisha Kulwa mlangoni, nimekaa chini kama fundi alivyosema. Nimempa muwa aushike kwa mkono wa kushoto, kovu linaonekana vizuri. Jumamosi navuka kuja kuisafisha, nakala mbili, yangu na ya bibi. Simu nitaifunga kwenye kanga.

Baba J, Bwiru: Uifunge kwa ndani, si kiunoni.